Domitille na Ujumbe wa Luberizi Uliokatika

Mutu akikuambia Domitille M'Cirhuza alikuwa mupole, huyo mutu hakufanya naye kazi hata asubuhi moja. Mimi nilikaa naye meza kwa meza kwenye depo yetu ya dawa huko Nguba, Bukavu, na ninakuambia: alikuwa kichwa ngumu, alikuwa mubishi, na chai yake alikunywa na sukari mpaka unaona haya kumuangalia. Mimi ni Emérence. Kazi yangu ilikuwa kuchunga dawa: nini inaingia, nini inatoka, na nani anataka kuondoka na sabuni chini ya koti. Ulimi wangu iko mukali, najua, hakuna haja ya kunikumbusha. Lakini na Domitille tulipatana, juu wote wawili hatukupenda kushindwa.

Alizaliwa Mudaka, binti wa Cirhuza mulimaji na wa mama muchuuzi wa mupunga. Alisoma hesabu mpaka juu kabisa, akafundisha, halafu akachoka kufundisha darasa lenye halina chaki wala mushahara. Akaja kwetu kuwa mutu wa foni, ile redio ya kusemezana na vituo vya afya. Sauti yake ilijulikana uwanda wote wa Ruzizi. "Luberizi, Luberizi, hapa Nguba, unanipata?" Hata watu wenye hawakuwa na kazi na sisi walifungua redio zao ili wamusikilize tu.

Na hapo njo shida ilikaa. Foni inasikiwa na kila mwenye masikio. Ukisema gari ya bleu itashuka kesho na serumu, yale maji ya kutia wagonjwa kwenye mushipa, kesho kuna watu wanangojea gari ya bleu kwenye kona za barabara ya mulima wa Ngomo, na karto za dawa zinafika nusu, ama hazifiki kabisa. Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Bukavu ilijaa mahema ya wakimbizi na magari nyeupe za mashirika, kolera ilikuwa imeshuka uwandani, na serumu ilitafutwa na wezi kuliko bia.

Shirika moja lilipoondoka lilituachia mashini mbili, ordinatere za kweli, yaani kompyuta. Moja ilibaki Nguba, ingine ilienda kwenye kituo cha afya cha Luberizi, huko chini uwandani, na pano ya umeme wa jua juu ya paa. Kila moja ilikuwa na kasanduku kenye kugeuza maandishi kuwa sauti ya redio. Hewani inalia kriii, kriii, sawa nyenje, na hakuna mwizi anajua nyenje anasema nini. Katikati, juu ya mulima, kulikuwa kasanduku kengine kenye kudaka sauti ya huku na kuitupa kule. Vizuri sana! Lakini programu yao ilijua kupeleka raporo kwa biro, ofisi ya shirika tu, na biro ilikuwa imefungwa. Mashini zilibaki zinaangaliana sawa bibi na bwana wenye wamenuniana.

Domitille akasema: "Mimi nitaandika programu yetu."

Mi nikacheka. Yeye hakucheka. Alipata kitabu cha Kifaransa chenye panya walikula jalada, na kila foni ikinyamaza, alikuwa anasoma na kugonga mashini. Siku moja nikamuuliza, kwa hasira kidogo, ni kitu gani anatafuta humo ndani.

"Soketi," akasema. "Ni mulango, dada Emérence. Programu ya hapa inafungua mulango wake, inapiga hodi Luberizi. Kule, programu ingine imekaa kwenye mulango wake inasikiliza. Ikikubali, wanaongea. Ikikataa, unapewa moins un, hasi moja."

"Moins un ya nini?"

"Ya kukuambia kuna kosa. Mashini haipigi kelele. Inakutia moins un mukononi, polepole, na ukikosa kuangalia, unaenda ukifikiri umepewa kitu."

Aka! Mimi mwenyewe ningeirudisha hiyo mashini kwa mwenyewe. Lakini Domitille aliziwinda hizo moins un moja moja. Kila kosa alilipatia sentensi yake ya Kiswahili kwenye kioo. Luberizi haijawasha mashini: "Hakuna mutu mulangoni." Kasanduku ya mulima imelala: "Mulima haujibu." Mwenzako ametoka kabla ya salamu: "Amekata." Nguo zilianza kumupwaya juu ya hiyo kazi, na akafurahi vile sijawahi kumuona.

Tukapandisha tena ile ya Luberizi, tukajaribu na mashini zote mbili juu ya meza yangu, na kamba kati yao. "Jambo." "Jambo sana." "Unanipata?" "Nakupata." Papa Constantin, direktere wetu, mwenye bado alivaa abakosti yake, zile koti za wakubwa wa zamani, hata wengine walipokwisha kuziacha, akapiga makofi na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo maombi yote ya dawa yatapita kwa mashini. Cyprien, nerisi mukubwa wa Luberizi, akapanda kuchukua mashini yake, akafundishwa, akashuka nayo akiwa ameikumbatia.

Siku chache kisha, ujumbe wa kwanza wa kweli ukaingia. Nikautoa kwenye karatasi. Salamu, salamu, salamu, halafu sabuni, halafu klori, halafu glavu, na chini kabisa: SERUMU CHUPA 48. Nikashukuru Mungu kwamba ugonjwa unapoa, juu dada yangu mukubwa Clémence aliolewa hukohuko Luberizi, na mulimaji wa mupunga, na kila siku nilikuwa namuwaza. Nikafunga chupa arobaini na nane na mikono yangu. Gari ikashuka kimya kimya, hakuna mutu aliigusa, na Domitille akacheza peke yake kati ya karto.

Jumamosi asubuhi foni ikapasuka.

"Nguba! Nguba! Hapa Luberizi!" Ilikuwa Cyprien, na sauti yake ilikuwa imechanika. "Emérence, umenipa kitu gani hiki? Ni ya kunawa uso? Sitasema hesabu hapa, masikio iko mengi. Lakini hiyo yenye niko nayo itanifikisha jumatatu usiku, basi. Na dada yako Clémence ameingia kwenye hema ya kolera jana."

Domitille akachukua foni mukononi mwangu na kujibu badala yangu.

Sasa sikia namna tulivyokwama. Uwanda wote ulikuwa umesikia kwamba Nguba ina deni ya serumu kwa Luberizi. Gari ikishuka barabarani wazi mpaka Luberizi, wezi wanaingoja. Njia ya kupona ilikuwa moja: Cyprien alikuwa na vijana wa baiskeli, wale wenye kubeba mupunga, na wangeweza kutia chupa ndani ya mifuko ya mupunga na kupita mashambani. Lakini lazima atuambie ni chupa ngapi, ni mahali gani chini ya Ngomo watangoja gari, na ni saa gani. Kwa foni huwezi kusema hiyo. Na mashini ilikuwa imetudanganya.

Papa Constantin akatoa kitambaa, akapangusa uso. "Programu imekwisha," akasema. "Jumatatu saa sita ya mchana nitauliza hesabu kwa foni na kutoa gari, na Mungu atatazama."

"Mungu atatazama wezi wakipakua!" nikamupigia kelele, direktere au si direktere. "Ni dada yangu yuko kule!"

"Papa, hiyo jumatatu saa sita ni yangu," Domitille akasema. "Unipe mpaka hapo."

Akampa, labda ili nisimurukie.

Tukakaa na ile karatasi. Domitille alikuwa akirudia: "Hakukuwa na moins un. Niliangalia kila mahali. Hakukuwa na kosa." Na mimi nilikuwa nasoma salamu za Cyprien mara ya kumi, juu sikujua kufanya kingine. Halafu macho yakanitoka.

"Wee mutoto wa Cirhuza! Cyprien hakuaga!"

"Nini?"

"Angalia! Huyu mwanaume anatumia nusu karatasi kuuliza hali ya kuku wetu. Anaweza kumaliza na arobaini na nane, pap, bila 'Mungu awalinde'? Hata akigombana na wewe anakuaga!"

Domitille akanyakua karatasi. Arobaini na nane ilikuwa chini kabisa, mustari wa mwisho, na baada yake hakuna kitu. Haikuwa arobaini na nane. Ilikuwa mwanzo wa hesabu ingine, mia nne na kitu, yenye mukia wake ulibaki njiani. Na sisi watu wa huku, jambo kubwa tunaliweka mwisho, nyuma ya salamu zote na mambo madogo. Njo ile yenye ilikatwa.

"Mashini ilikupa nini hapo?" nikamuuliza.

"Ilinipa herufi zenye zilikuwa zimefika. Halafu ikanyamaza kidogo."

"Na wewe?"

"Nikasema amemaliza. Nikamujibu bien reçu, imefika vizuri, nikafunga mulango."

"Ulijuaje amemaliza?"

"Si alinyamaza..."

Akafunga kinywa na mukono. Tukaangaliana. Mutu wa foni! Kwa foni, mwenzako akinyamaza, unafinya kidude na kusema bien reçu. Hiyo adabu ilikuwa imemuingia mpaka kwenye mifupa, na akamufundisha mashini adabu ileile. Kwenye meza yangu haikuonekana, juu kamba fupi haipumziki na "jambo" ni neno dogo. Lakini ujumbe murefu unapita mulimani vipande vipande. Kipande kimoja kikichelewa, mashini yetu ilikuwa inasema asante na kumufungia Cyprien mulango kwenye pua.

"Na haikuwa kosa," akasema, na sasa alikuwa amekasirika kweli. "Mashini ilinipa herufi kidogo, ikasema ni hizi niko nazo kwa sasa. Ilisema kweli! Mimi nilifunga milango yote ya makosa, na huyu akapita kwenye mulango wenye si kosa."

Alizunguka depo nzima, akapiga karto teke, akarudi. Halafu akasimama. "Mupunga wa mama," akasema.

Nilifikiri njaa imemupanda kichwani. Kumbe hapana. Mama yake akinunua mupunga Luberizi, hatumi mifuko kwanza. Anatuma neno kwanza, na musafiri yeyote: mifuko kumi na sita inakuja. Kisha mifuko inakuja na lori yenye imepatikana, miwili leo, mitano kesho. Nyumbani Mudaka hakuna mutu anasema mupunga umefika mpaka kumi na sita itimie. Hakuna kufungua, hakuna kuuza. Lori ikikawia, hawasemi imekwisha, wanangoja. Na wakisikia lori imeanguka, wanaenda kuangalia.

"Ujumbe utaanza kwa kusema urefu wake," Domitille akasema. "Herufi ngapi zinakuja. Na mashini ya hapa itasoma, itasoma tena, itasoma tena, mpaka hesabu itimie. Ikikatizwa, inarudi kusoma. Ikiambiwa hakuna kitu kwa sasa, inangoja. Mwenzake akifunga mulango kabla ya kutimia, inatupa nusu, haikuonyeshi, na kule wanaanza upya. Na bien reçu itatolewa hesabu ikitimia, si mbele."

"Basi andika! Unanitolea misa ya nini?"

Akaandika. Courant ya umeme ikakatika mchana, tukaunga mashini kwenye batri ya gari ya direktere bila kumuomba ruhusa. Jioni kazi ilikuwa imekwisha. Lakini programu mupya ilipaswa kukaa pande zote mbili, na haiwezi kushuka peke yake. Jumapili, kisha misa ya kwanza, Domitille akapanda juu ya lori ya wachuuzi, disketi ndani ya kitambaa cha kichwa. Kushuka siku moja, kupanda siku ingine: kama angerudi na maneno ya Cyprien kinywani, serumu ingekuwa imekwisha. Lazima ujumbe upite hewani.

"Na nani atakaa kwenye mashini ya hapa?" nilikuwa nimemuuliza.

"Wewe."

"Mimi naichukia hiyo kitu."

"Njo vizuri. Hutaiamini upesi."

Jumatatu nilikaa mbele ya kioo toka alfajiri. Gari ilikuwa uani, dereva ndani, karto mulangoni. Papa Constantin alitembea nyuma yangu mpaka nikamuambia akae ama atoke. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Halafu nyenje akalia, na kioo kikaandika: LUBERIZI ANAPIGA HODI. NIMEFUNGUA. Na chini: ZINAKUJA HERUFI 640.

Moyo wangu! Hesabu ikapanda. Mia moja. Mia mbili kumi. Halafu ikasimama.

Nilingoja. Nyenje alinyamaza. Huko Ngomo mawingu yalikuwa yamefunika mulima mzima.

"Imekwisha," Papa Constantin akasema. "Toa yenye imefika, tuone."

"Haijatimia."

"Emérence, saa sita iko karibu. Chukua foni."

Nikaweka mukono juu ya foni, na si kwa kuichukua. "Papa, mashini inasema mia mbili kumi kati ya mia sita makumi ine. Ukitaka kugusa hii foni utanivunja vidole kwanza."

Hakuvunja. Kioo kikaandika: LUBERIZI AMEFUNGA MULANGO KABLA YA KUMALIZA. NIMETUPA NUSU. NANGOJA. Weee, nilikuwa karibu kulia! Vipande vyote vile, vimetupwa! Lakini nikakumbuka ile arobaini na nane yenye nilifunga nikitabasamu, na nikakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Nyenje akalia tena. LUBERIZI ANAPIGA HODI. ZINAKUJA HERUFI 640. Mia moja. Mia tatu. Ikasimama, ikapumua, ikaendelea. Mia tano. Nilikuwa naisukuma na kifua changu. Mia sita. Na halafu, bila haraka yoyote: ZIMETIMIA.

Karatasi ikatoka. Salamu zilijaa. Hali ya kuku. Kisha chupa mia nne na makumi nane, si moja pungufu, kisha jina la kijito chini ya Ngomo, kisha saa, na mwisho: Mungu awalinde.

"Ameaga!" nikapiga kelele. "Ameaga! Pakia! Pakia, mubaki mumesimama juu ya nini?"

Nilibeba karto na kichwa changu mwenyewe, na direktere akabeba na abakosti yake. Gari ikatoka bila neno moja hewani. Siku hiyo, tulisikia kisha, watu fulani walikaa kwenye kona zao za Ngomo na redio kwenye sikio, wakingoja tuseme ni gari gani. Tulinyamaza vizuri sana. Jioni vijana wa baiskeli walipita katikati ya mashamba na mifuko yao ya mupunga, wakipiga miluzi, na mutu hakuwauliza kitu.

Domitille alirudi jumatano, matope mpaka magotini, akaomba chai. Nikamuuliza Clémence. Akasema alimuacha na serumu mukononi, macho wazi, lakini hakusema neno. Zaidi ya hapo hakutaka kunidanganya, na mi sikumulazimisha.

Tangu hapo maombi yalipita kila siku, na kila siku yalitimia. Lakini Cyprien hakumutaja Clémence hata mara moja. Nilikuwa nasoma kila mustari nikimutafuta.

Halafu siku moja saa nane, tukiwa wote watatu pale, nyenje akalia, na kioo kikaandika: ZINAKUJA HERUFI 2 700.

Hatukuwahi kupokea ujumbe wa namna hiyo. Ombi kubwa ni wagonjwa wengi, kila mutu wa depo anajua hiyo. Papa Constantin akavua kofia. Hesabu ilipanda polepole, ikasimama, ikapanda, na ndani ya hiyo hesabu kulikuwa na habari ya dada yangu, tayari imefika ama bado iko mulimani.

"Domi," nikasema, "elfu moja imekwisha kuingia. Unifungulie hiyo tu."

"Hapana."

"Ni dada yangu!"

"Njo maana. Nusu haisomwi, Emérence. Hata na wewe." Lakini alinishika mukono.

Tukangoja. Elfu mbili. Elfu mbili mia tano. ZIMETIMIA.

Nikasoma kwa sauti, juu macho ya Domitille yalikuwa yamejaa maji hata kabla. Cyprien alisalimu depo, akasalimu kuku, akasalimu dereva na mama wa dereva. Kisha akasema hana ombi leo. Akasema wanakunja hema. Akaanza kutaja wenye wamerudi kwao, moja kwa moja, na namna kila mutu aliondoka: huyu amebebwa na wanawe akiwagombeza, huyu ameomba bugali kabla ya kutoka, huyu amesahau viatu na amekataa kurudi kuvichukua. Na mwisho:

"Clémence wa kwenu ametoka asubuhi hii. Tulimuletea baiskeli, akakataa, akasema yeye si mufuko ya mupunga, ataenda na miguu yake. Tulimusindikiza mpaka barabarani, alituacha nyuma. Mungu awalinde."

Nilimukumbatia Domitille mpaka kiti kikaanguka. Alilia na kucheka kwa sauti, huyo kichwa ngumu, na mi nikalia zaidi, na nikamuambia mbele ya direktere kwamba hakuna mutu Bukavu nzima mwenye akili sawa yake. Papa Constantin akapangusa uso na mukono wa abakosti, akaniomba nisome tena, toka mwanzo, na salamu zote.